Mume wa Sista

Watu wenye akili zao huhama kwa sababu zinazoeleweka. Mmoja anafuata shamba, mwingine shule ya watoto, mwingine anamkimbia mama mkwe. Mimi nilihama kwa sababu mke wangu alipandishwa cheo. Haya, nimesema. Ilinichukua miezi sita kuitamka sentensi hiyo bila kukohoa katikati.

Kwetu, kule chini kwenye joto, nilikuwa mtu. Nilikuwa na duka la ushonaji, cherehani mbili, benchi la wateja na kioo kirefu ukutani. Na nilikuwa na jina. Waliniita Jicho, kwa sababu sikuwahi kumpima mtu yeyote. Utepe wa kupimia ulinining'inia shingoni kutwa, ila ulikuwa wa urembo tu, kama tai ya bwana harusi. Mteja alipoingia nilimtazama kuanzia mlangoni, na mpaka anakaa kwenye benchi nilikuwa nimeshaandika kifua, kiuno na urefu wa mkono. Nguo ilimkaa. Ikigoma kumkaa, nilimwambia amenenepa tangu juzi, naye aliamini na kuomba radhi. Ukiishi hivyo miaka kumi na minne, kichwa lazima kivimbe, na changu kilivimba mpaka kofia zikawa hazinitoshi.

Mke wangu alikuwa nesi katika hospitali ya hapo hapo mjini, na miaka yote hiyo mtaa mzima ulimwita Mke wa Jicho. Hata wanawake aliowazalisha walisema wamezalishwa na Mke wa Jicho. Sikuona tatizo. Niliona kama nimempa zawadi, tena nilishangaa kidogo kwamba hajawahi kunishukuru.

Cheo kilimjia mara tatu. Kituo cha afya cha mji mdogo huko milimani kilikuwa kinatafuta muuguzi mkuu, na kila aliyepelekwa alikimbia baridi. Mara mbili za kwanza mke wangu alikataa kwa ajili yangu, na mara zote mbili nilimsifu kwa busara yake. Mara ya tatu hakuniuliza. Aliweka barua mezani, akasema anakwenda, na kwamba angefurahi sana tukienda wote. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuwatangazia majirani kwamba tunahamishwa. Tunahamishwa! Kana kwamba wakubwa walikaa kikao, wakamjadili fundi cherehani mmoja, wakaona nchi haiwezi kusonga mbele mpaka apelekwe milimani.

Kabla ya kuondoka tulipeana sharti, na hili ndilo lililonikalisha roho juu miezi yote iliyofuata. Tulipeana miezi sita. Nikipata miguu huko, yaani kazi na wateja, tunabaki. Nikikosa, ataandika barua ya kuomba arudishwe alikotoka, hata kama ni kwa kazi yake ya zamani na cheo chake cha zamani. Duka langu sikulitoa. Nilimwachia mdogo wangu funguo, nikamwambia asimruhusu mtu hata kuegemea mlango, maana nitarudi. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni anafunga sanduku la viatu kwa kamba. Alinisikia vizuri nilivyosema nitarudi, akaendelea kufunga.

Tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane. Vyumba vilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha lenye kioo kilichoachana na fremu yake kwa upana wa kidole, na mlango uliovimba kwa unyevu hivi kwamba ukitaka kuingia inabidi uupige bega. Chumba cha mbele kilikuwa sebule, jiko na karakana yangu kwa pamoja. Cherehani moja niliyokuja nayo niliiweka chini ya dirisha. Asubuhi chuma chake kilikuwa cha baridi kiasi kwamba niliivalisha shuka kama mgonjwa.

Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alinipeleka dukani anitambulishe. Nilivaa shati langu la kola ngumu, nikaning'iniza utepe shingoni, nikajiandaa kusema mimi ni nani. Hakunipa nafasi. Akamwambia mwenye duka, "Huyu ni mume wa Sista." Mwenye duka akaniambia karibu sana, mume wa Sista. Kufika jioni muuza mkaa ananiita mume wa Sista, fundi viatu ananiita mume wa Sista, na mtu mmoja ambaye sijawahi kumwona alivuka barabara kuja kunisalimia, akanipa pole ya safari na akaniuliza kama naweza kumsogezea foleni ya kung'oa jino.

Nikaona dawa ni kibao. Nilichukua ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: JICHO, FUNDI BINGWA. Nikaupigilia juu ya mlango. Wiki hiyo nilipata wageni watatu, wote wenye matatizo ya macho. Wa mwisho alikuwa mzee mwenye mtoto wa jicho, ametembea tangu alfajiri, na alinitazama kwa lile jicho lake zima akiwa amejaa matumaini hata nikashindwa kumwambia ukweli. Nilimshika mkono nikampeleka kituoni. Kibao nilikitoa siku hiyo hiyo.

Wateja hawakuja, na sababu haikuwa uchawi. Mji ulikuwa na fundi wake, mama mmoja hodari, na watu walimzoea. Lakini mimi nilipompigia simu mdogo wangu nilimwambia wateja wanapanga foleni. Nilisema hivyo nikiwa nimejifunika blanketi, nimevaa soksi mbili mbili, na kazi pekee iliyokuwa mezani ni suruali yangu mwenyewe niliyokuwa nikiitia bitana. Wapo watu waliojaliwa kufa na tai shingoni. Mimi nilikufa na utepe.

Na kwa kuwa mchana sikuwa na la kufanya, niliutumia kukusanya malalamiko. Nilikuwa nayachunga vizuri, nisisahau hata moja. Mke wangu akirudi, tukishakaa mezani, nilikuwa namsomea taarifa ya habari, na habari zote zilikuwa mbaya. Maji ya huku yanauma. Mkate wa huku una usingizi. Watu wa huku wanasalimia dakika kumi kisha hawanunui kitu. Jua la huku linachomoza kwa kuombwa. Yeye alikuwa ananisikiliza, kijiko mkononi, mara kwa mara anasema "pole." Zile pole nilizihesabu kama makofi ya kushangiliwa. Binti yetu, ambaye yuko shule ya bweni, alikuja likizo wiki mbili, na kabla ya kuondoka aliniuliza kwa upole kama naweza kuongelea kitu kingine siku moja moja. Nilimwambia mtoto hafahamu mambo ya watu wazima.

Mwezi wa tano ukaisha bado nimekaa bure. Ukaingia wa sita, na nikaanza kuhesabu siku kama mfungwa. Nilishapanga kichwani viti vitakavyopakiwa kwanza.

Hapo ndipo kazi ilipokuja. Kituo kilikuwa kinafungua wodi mpya ya wazazi, na ufunguzi ulipangwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi ule ule. Wauguzi wanane, pamoja na mke wangu, walihitaji sare mpya za bluu. Kamati ya kituo ilikaa, na mke wangu akatoka nje ya chumba ili isije ikasemwa ameivutia kazi nyumbani kwake. Aliyenitaja alikuwa mkunga. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha ganzi, na aliwaambia wenzake kwamba humu mjini kuna fundi amekaa tu anazeeka, basi apewe kitambaa. Wakakubali.

Sasa hapa kuna kitu cha kuchekesha. Hesabu ilikuwa wazi: nikiikosa kazi, tunarudi nyumbani, kitu nilichokuwa nikikililia tangu siku ya kwanza. Nikiipata, nimepata miguu, sharti linanifunga. Mtu mwenye akili angeugua mgongo wiki hiyo. Mimi nilipoona lile jora la kitambaa kipya nilisahau hata njia ya kwetu. Mikono iliniwasha. Nilitaka mji huo ulionidharau ushike adabu.

Mkunga aliuliza lini nitakuja kuwapima. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha wataalamu. Nikamwambia mimi sipimi watu, wao waendelee na kazi zao. Kesho yake asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa karibu na lango, nikawatazama wakiingia kazini mmoja mmoja.

Naomba unielewe ugumu wa kazi hiyo. Kwetu watu huvaa nguo nyepesi moja, mwili hauna pa kujificha. Huku mtu anavaa fulana, juu yake blauzi, juu yake sweta zito la kufumwa, na juu ya sweta ndipo anavaa gauni la kazi. Wauguzi wote saba walipita mbele yangu wakiwa wamefungashwa kama mizigo ya safari ndefu. Fundi wa kawaida angebabaika. Mimi nilitabasamu. Niliwavua sweta kwa akili yangu, nikaondoa blauzi kwa hesabu, nikapata mwili wenyewe mpaka kwenye inchi. Jioni nilimweleza mke wangu jinsi nilivyofanya, kwa urefu, na nikampa mfano wa nesi wa chanjo ambaye watu wanamdhani mnene kumbe ni sweta tatu. Mke wangu alifungua mdomo kama anataka kuniambia jambo. Nilikuwa bado naongea, akaufunga.

Yeye mwenyewe sikumtazama hata kwa jicho. Wa nini? Nguo zake zote kwa miaka kumi na sita nimezishona mimi. Vipimo vyake viko kichwani kama namba ya nyumba. Gauni lake nililikata la kwanza, napiga mluzi.

Wiki ile nilishona kwa furaha ambayo nilikuwa nimeisahau. Kola zilisimama. Matundu ya vifungo yalikuwa sawasawa kama meno ya mtoto. Mama mwenye nyumba alipita kuchungulia, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akasema kazi ni safi sana, mume wa Sista. Nikamwambia asubiri wiki ijayo aone kama ataniita hivyo.

Ijumaa mchana tukakutana kwenye wodi mpya kwa kujaribisha. Vitanda vilikuwa vitupu, bado vina karatasi za nailoni, na rangi ya ukuta ilikuwa inanukia. Nilipanga sare kitandani, nikarudi nyuma na kukunja mikono. Wauguzi wakachukua kila mmoja yake, wakaanza kuzivaa pale pale, juu ya masweta yao.

 Nilisikia kifungo kikidondoka kwenye sinki.

Nesi wa chanjo alikuwa ameingiza mkono mmoja, wa pili ukakataa, akabaki kama mtu anayeomba ruhusa ya kuzungumza. Mwingine alifunga vifungo viwili vya juu na kuanza kupumua kwa awamu. Mkunga ndiye alijitahidi kuliko wote. Alijikaza mpaka gauni likafunga lote, halafu akasimama amening'iniza mikono mbali na mwili, hawezi kuishusha wala kuipandisha. Akajaribu kuinama kwenye kitanda kama anapokea mtoto. Mshono wa mgongoni ukatoa sauti ambayo fundi yeyote anaijua, na hakuna fundi anayeipenda.

Nikawaambia wavue masweta. Nilisema kwa kujiamini kabisa, kwamba gauni limekatwa kwa mwili, si kwa sweta. Mkunga akanigeukia mzima mzima, maana shingo peke yake ilikuwa haigeuki.

"Fundi," akasema, "huku sisi tunazalisha alfajiri. Nikivua sweta, atakayetetemeka ni mimi au mtoto?"

Wengine wakacheka. Mimi nikang'ang'ania. Nikamsihi nesi wa chanjo aende nyuma ya pazia, avue, avae gauni tupu. Alitoka limemkaa kama alizaliwa nalo. Begani sawa, kiunoni sawa, mkono sawa. Nikapiga kofi moja, nikasema mnaona? Wakaona. Nesi wa chanjo naye akaona, akapiga chafya, akarudi nyuma ya pazia kuvaa sweta lake. Nilikuwa nimepatia kila inchi ya miili saba, na hakuna sare hata moja iliyofaa. Jicho halikukosea. Mwenye jicho ndiye alikuwa mpumbavu, amekaa mahali miezi sita bila kujifunza kwamba watu wa hapo wanasikia baridi, wakati yeye mwenyewe alikuwa amevaa soksi mbili mbili.

Mke wangu alikuja wa mwisho, alikuwa ofisini na makaratasi. Alivaa gauni lake juu ya sweta kama wenzake, akafunga vifungo. Vilifunga vyote. Nilishusha pumzi, nikataka kusema angalau moja limetoka sawa. Kisha akageuka.

Lilikuwa linampwaya. Juu ya sweta, juu ya blauzi, bado lilikuwa linampwaya. Mabega yalidondoka kwenye mikono, na kiunoni kitambaa kilijikunja kama pazia lililonunuliwa kwa dirisha la nyumba nyingine. Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha wangu, kwamba fundi amewabana wote akamwachia mkewe nafasi. Mkunga hakucheka. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi.

"Na hili," akauliza taratibu, "ulimpimia nani?"

Mke wangu akasema halina neno, litapunguzwa, na akarudi ofisini akiwa amelikusanya kiunoni kwa mkono mmoja.

Nililitoa jicho kazini papo hapo. Nikachukua utepe shingoni, nikawapima wauguzi saba pamoja na masweta yao, mmoja mmoja, nikiandika kwenye karatasi kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kitambaa kilikuwa kimebaki kiasi cha kutia vipande ubavuni na chini ya makwapa. Mkunga alinyanyua mikono nimpime, akaniambia nisijali, hata yeye mtoto wake wa kwanza kumpokea alitaka kumdondosha. Nikasema asante. Kwa kweli sikuwa nafikiria sare yake.

Jumamosi nilifumua na kushona tangu asubuhi. Mke wangu alikuwa na mapumziko. Alipika, akafunika chakula, na mchana nilimwomba asimame katikati ya chumba nimpime. Alivaa gauni, akasimama kwenye mwanga wa dirisha. Nilizungusha utepe kiunoni, nikasoma. Nikadhani umejikunja, nikaunyoosha, nikasoma tena. Zilikuwa zimepungua inchi nne. Inchi nne hazipotei kwa siku moja. Zilipotea nikiwa nimekaa naye meza moja, na mimi ndiye mtu aliyejitapa kwamba anaweza kuona mwili chini ya sweta tatu. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini huyu nyani hakumwona hata mkewe.

Nikapiga magoti kushika pindo, nikajaza pini mdomoni ili nisiseme. Nadhani alizisubiri hizo pini. Miaka kumi na sita ya ndoa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza ameongea mpaka mwisho bila mimi kumkatiza.

"Siumwi," alisema. "Usianze kuogopa, nimeshajipima. Ni kwamba siwezi kula nikiangalia uso wako umekunjwa, na umekunjwa kila siku. Kazini nacheka, waulize. Kazi hii naipenda. Lakini nikifika pale mlangoni nasimama kwanza, nahema, ndipo naupiga bega."

Nilikaa na pindo mkononi.

"Barua nimeshaipeleka," akaendelea. "Jumatano."

Nikiri ukweli wangu wote, maana nimeshaanza kuumbuka: moyo uliruka. Hata pale, na utepe unaonyesha inchi nne, pumbavu mimi niliona duka langu, benchi langu, kioo changu. Niliona mdogo wangu akifungua mlango.

"Nimeomba wanithibitishe hapa," akasema. "Nabaki. Wewe sikukuandika. Ile fomu haina mahali pa mume."

Nilianza kutoa pini mdomoni. Zilikuwa saba, nikazichomeka moja moja kwenye mto wa kiti, na kila moja ilichukua muda wake. Miezi sita nilijiona mimi ndiye nimeshika mpini. Mimi ndiye wa kutishia kuondoka, yeye ndiye wa kubembeleza. Kumbe nilikuwa nimeachwa tangu Jumatano, na nimepewa habari nikiwa nimepiga magoti, kama inavyostahili.

Niliogopa. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Niliogopa kuliko siku niliyomwomba uchumba.

"Unataka niende?" nikauliza.

"Sitaki uende." Sauti yake ilikuwa imechoka, hata hasira haikuwamo. "Ila ukikaa, ukae. Usikae kama mtu anayesubiri gari."

Sikumwahidi kitu. Ahadi zangu anazijua. Nilinyanyuka, nikachukua simu, nikampigia mdogo wangu pale pale mbele yake. Nikamwambia duka alitoe, ampe yule kinyozi aliyekuwa analiulizia, na cherehani ya pili aitie kwenye gari la mizigo. Mdogo wangu akafurahi sana. Akasema kumbe kaka biashara imekolea mpaka unahitaji cherehani mbili, ile foleni ya wateja sasa lazima inafika barabarani.

"Hakuna foleni," nikamwambia. "Haijawahi kuwapo. Nimepata kazi moja tangu nije, sare nane, na zote nane nimeziharibu."

Mdogo wangu akauliza kama niko salama. Nikasema niko salama, nimehamia huku. Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mke wangu alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika gauni kwa mikono miwili lisimdondoke, anacheka mpaka machozi, na mimi nikaelewa kwamba wenzake kituoni wamekuwa wakiisikia hiyo sauti kila siku na mimi nilikuwa nimeikosa kwa nusu mwaka.

Tukakaa kula. Chakula kilikuwa kimepoa, na chumvi ilikuwa imepungua. Nilihisi sentensi ikinipanda kooni, ndefu, yenye mifano, na nikaimeza pamoja na tonge. Badala yake nikamuuliza habari za wodi. Aliniambia kuhusu kitanda kimoja chenye mguu mfupi, na kuhusu mama wa mapacha anayetarajiwa wiki hiyo, na jinsi mkunga anavyoimba akisubiri maji yachemke. Nilikuwa sijui hata kama mkunga anaimba. Alimaliza sahani yake akiwa bado anaongea. Akavuta sufuria, akaongeza. Nilimtazama akila, nikaona aibu na raha kwa pamoja, machozi yakanitoka. Nikasingizia kitunguu, ingawa chakula hicho hakikuwa na kitunguu.

Jumapili nikamaliza sare saba. Zilitoka na vipande ubavuni, si kazi ya kujivunia, lakini mkono unapanda na unashuka. La mke wangu nililiacha la mwisho. Nilikuwa na kipimo kwenye karatasi, inchi nne kamili. Nikapunguza mbili. Mbili nyingine nikaziacha.

Jumatatu wodi ilifunguliwa, hotuba zikasemwa, watu wakapiga makofi. Mkunga akanisogelea, ananyanyua mikono na kuishusha ili nione inavyofanya kazi. Kisha akamtazama mke wangu kwa mbali, akaninong'oneza kwamba pole, fundi, lakini gauni la Sista bado linampwaya.

Nikamwambia asiwe na haraka, litamkaa.